Chemsha Bongo Isiyochemsha Bongo

Mashindano ya maswali ya maarifa, yanayojulikana zaidi kwa jina la chemsha bongo, yana nafasi yake ya heshima katika shule za nchini. Hufanyika siku za mahafali, hufanyika mwisho wa muhula, hufanyika wageni wanapokuja kutoka wilayani. Mwalimu husimama na karatasi yake mkononi, wanafunzi huketi kwa makundi, kengele hugongwa, na maswali huanza kumiminika: mlima mrefu kuliko yote duniani, mji mkuu wa Brazili, mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu, mwaka wa Azimio la Arusha, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini. Wanafunzi hujibu, umati hushangilia, na mshindi huondoka na madaftari na kalamu zake. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuyapinga mashindano ya namna hiyo. Mtoto anayepigiwa makofi kwa sababu anajua jambo ni hazina kwa wazazi wake na kwa Taifa.

Hata hivyo, yafaa iulizwe karatasi ile aliyoishika mwalimu imetoka wapi.

Mara nyingi imenakiliwa kutoka karatasi nyingine, nayo hiyo ilinakiliwa kutoka kitabuni, na kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hakuwa akimfikiria hata kidogo mtoto wa Rusimbi. Rusimbi ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mji ulio ukingoni mwa ziwa la pili duniani kwa kina, penye mwisho wa Reli ya Kati, na penye mojawapo ya masoko ya zamani sana ya bara. Ni vigumu kufikiria mahali penye utajiri mkubwa zaidi wa mambo ya kuulizwa. Lakini maswali ya karatasi ile yanapofika Kigoma, huwa yamekwisha kutungwa, na katika hayo limo moja lililodumu kuliko mengine yote: “Nani aligundua Ziwa Tanganyika?”

Jibu linalotarajiwa ni Burton na Speke, mwaka 1858. Mwanafunzi akilitoa, hupata alama zake. Akisema kwamba ziwa lilikuwa likijulikana na wenyeji, hupata sifuri, na pengine huchekwa. Kwa hiyo, mbele ya wazazi wake, mtoto wa Kigoma hufundishwa kwamba babu zake walivua samaki, wakasafiri, wakafanya biashara na kuzika wafu wao kando ya maji ambayo yalikuwa hayajagunduliwa. Kasumba ya kikoloni haihitaji tena mkoloni wa kuieneza iwapo karatasi ya maswali inatosha.

Habari za safari hiyo ya 1858 zinastahili kusimuliwa kwa urefu, maana ndani yake mna funzo ambalo swali lenyewe linalificha. Burton na Speke waliwasili Ujiji mwezi Februari mwaka huo kwa njia ya misafara ya biashara, njia ambayo wafanyabiashara na wapagazi walikuwa wakiipita kabla yao. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kiliwatuma watafute habari za maziwa ya bara, na fumbo lililowashughulisha sana Wazungu wa wakati ule lilikuwa chanzo cha Mto Naili. Hivyo, swali kubwa likawa juu ya Mto Rusizi, ulio ncha ya kaskazini ya ziwa: je, unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, basi huenda ndio unaoyapeleka maji ya Tanganyika hadi Misri.

Mwezi Aprili wageni hao walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira. Hawakufika penye mdomo wa mto, lakini walikutana na wana watatu wa mtawala wa huko, na hao wakawaambia waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Swali lilikuwa limejibiwa, tena na watu waliozaliwa hapo. Burton mwenyewe aliiandika habari hiyo. Lakini mwaka 1864 alitoa hoja kinyume chake, akidai mbele ya wasomi wa Uingereza kwamba Rusizi unatoka, na mjadala ukaendelea London kati ya mabwana ambao wengi wao hawakuwa wameliona ziwa lenyewe. Ni mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda pamoja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, ndipo iliposadikiwa kwamba maji ya Rusizi huingia Tanganyika. Ilichukua miaka 13 kwa wageni kuliamini jibu waliloambiwa siku ya kwanza.

Swali lenye kufaa kwa mashindano ya Rusimbi, basi, si nani aligundua. Ni hili: Kwa nini wana wa mtawala wa Uvira hawakusadikiwa? Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulijibu, na jibu lake litawafikirisha hata waamuzi.

Hali ni hiyo hiyo kwa tukio ambalo limeifanya Ujiji ijulikane ulimwenguni, yaani kukutana kwa Stanley na Livingstone. Karatasi huuliza tarehe. Jibu lililozoeleka ni 10 Novemba 1871, kwa kuwa ndiyo tarehe aliyoitoa Stanley. Lakini shajara ya Livingstone mwenyewe inaliweka tukio hilo mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na kupoteza hesabu ya siku. Mwanafunzi atakayesema “Oktoba” atakosa alama, ingawa atakuwa amesema sawa na Livingstone! Aidha, ni mara chache kuulizwa nani alikuwa wa kwanza kumpokea Stanley mjini. Alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyekwenda mbio kumpasha bwana wake habari. Ni Susi huyo huyo ambaye, pamoja na Chuma na wenzao, aliuchukua mwili wa Livingstone kutoka katika nchi iitwayo Zambia leo hadi Bagamoyo, baada ya kufariki mwaka 1873. Wala haulizwi Sidi Mubarak Bombay, aliyefika Ujiji pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, na akafika tena pamoja na Stanley mwaka 1871. Kama kuna mtu aliyeijua historia ya safari hizo kwa miguu yake mwenyewe, ni yeye.

Walimu wengine watasema, na wana haki ya kusema, kwamba mashindano ni mchezo, kwamba muda ni dakika chache, na kwamba swali lisilo na jibu moja fupi huleta ugomvi. Watasema pia kwamba kukariri si dhambi. Katika hilo wana hoja nzito. Mtu asiyejua lolote kwa moyo hana kitu cha kufikiria nacho. Jedwali la kuzidisha, majina ya mito, miaka ya matukio makubwa, yote hayo ni mali ya akili, na mtoto ayawekapo kichwani hayatozwi kodi. Siku hizi wako wanaodai kwamba kukariri hakuna maana tena kwa kuwa kila kitu kimo ndani ya simu. Hao wanasahau kwamba mtu hawezi kuitafuta habari ambayo hajui kama ipo.

Lakini kukariri kuna sharti moja, nalo ni kwamba linalokaririwa liwe kweli, na liendelee kuwa kweli. Karatasi za maswali huzeeka. Mji mkuu wa Burundi, nchi jirani kabisa na Kigoma, ulikuwa Bujumbura. Tangu mwaka 2019 ni Gitega, na Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Nchi kubwa kuliko zote barani Afrika ilikuwa Sudan mpaka Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011. Sasa ni Algeria. Sayari zilikuwa tisa. Tangu mwaka 2006 wataalamu wa elimu ya nyota huhesabu nane. Hifadhi ya Taifa iliyokuwa ndogo kuliko zote nchini ilikuwa Gombe, mpaka kisiwa cha Saanane kilicho karibu na Mwanza kilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Mtoto anayefuatilia habari huyajua mabadiliko hayo. Mwamuzi mwenye karatasi ya zamani humnyima alama kwa kosa la kujua zaidi ya karatasi. Yeye huondoka akiwa amejifunza kwamba usalama uko katika kusema lile ambalo mkubwa analitarajia, na funzo hilo, likiingia ndani ya mtu akiwa na miaka 12, humfuata hadi ofisini.

Watumishi wa umma wanayajua matunda yake. Karani aliyezoea kutafuta jibu analolitaka mkubwa wake ataandika taarifa yenye kumpendeza mkubwa, hata kama kisima kilichotajwa ndani yake hakitoi maji.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alipoukosoa mtindo wa kuwafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Miaka michache baadaye ikaja kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, ambayo walimu wazee bado wanaikumbuka. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi kandokando ya redio. Kipindi kilipokwisha, maswali yalianza: katika kijiji hiki mbu wanazaliana wapi, maji ya kunywa yanatoka wapi, nani hana choo. Majibu hayakuwa katika karatasi ya mtu yeyote. Yalikuwa nje ya mlango, na baada ya kujibu, watu walichukua majembe. Hiyo nayo ilikuwa chemsha bongo, ingawa hapakuwa na kengele.

Na kabla ya shule na redio, palikuwa na vitendawili. Anayetega hana budi kujua jibu, na jibu lenyewe ni kitu ambacho kila aliyeketi hapo amekwisha kukiona: yai, kivuli, moto, njia, mvua. Anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji anaweza kuukataa mji wa kwanza na wa pili mpaka apewe unaompendeza. Ndipo hufumbua, na wasikilizaji wasiporidhika humpinga papo hapo. Mchezo huo umewafundisha watoto kutazama, kulinganisha na kubishana kwa adabu, tena bila gharama ya daftari moja. Ni ajabu kwamba uwanja wa shule umeuacha utaratibu huo na kuchukua ule wa mwamuzi asiyepingwa.

Sasa yafaa kutazama maswali yanayoweza kutungwa hapo hapo Kigoma, maana kulaumu peke yake hakutoshi.

Karatasi ya kawaida huuliza kina cha Ziwa Tanganyika. Jibu ni mita 1,470, na duniani kote ziwa linalolizidi ni Baikal la Urusi, lenye mita 1,642. Vizuri. Lakini uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi aulizwe: je, sakafu ya ziwa hapo penye kina kirefu iko juu ya usawa wa bahari au chini yake? Anayejua kutoa atapata jibu kwa nusu dakika, nalo litamshangaza: iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa Kigoma iko mbali sana na Bahari ya Hindi. Hapo tarakimu mbili zilizokuwa za kukariri zimezaa ya tatu.

Au aulizwe maji ya ziwa yanakwenda wapi. Atasema Mto Lukuga, unaotokea upande wa Kongo karibu na Kalemie, na kupitia Mto Kongo maji hayo hufika Bahari ya Atlantiki. Ni sahihi. Kisha aulizwe kama Lukuga ndio unaoondoa maji mengi zaidi. Sivyo; sehemu kubwa kabisa ya maji yanayotoka ziwani huondolewa na jua kwa njia ya mvuke. Ndiyo maana mvua zikizidi kwa miaka michache, ziwa hupanda na kuvamia nyumba na gati, kama watu wa pwani zake walivyoshuhudia miaka ya 2020 na 2021. Mto mmoja mwembamba hauwezi kulipunguza kwa haraka.

Swali la tatu ni zito kuliko hayo, kwa kuwa linahusu chakula. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, samaki wake wanaishi wapi? Mtoto atadhani wameenea hadi chini. Lakini kuanzia mita kati ya 100 na 200 kwenda chini maji hayana oksijeni, wala samaki hawezi kuishi humo. Ziwa kubwa lote hilo, ambalo Kongo ina sehemu yake kubwa kuliko nyingine, kisha Tanzania, halafu Burundi na Zambia, lina tabaka jembamba la uhai juu ya shimo la giza. Katika tabaka hilo ndimo walimo dagaa na migebuka wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa. Virutubisho vilivyozama chini hupandishwa juu hasa na upepo wa kusi wa miezi ya kiangazi unaoyachanganya maji. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo kuchanganyika kumepungua, na chakula cha samaki kimepungua pia.

Mwanafunzi aliyejibu hayo yote anaweza kuulizwa swali la mwisho, ambalo wazazi wake wamelijadili nyumbani kwa uchungu: Kwa nini shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024? Jibu fupi ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Jibu refu lina pande nyingi: maji ni ya nchi nne na samaki hawana pasipoti, tabaka la uhai ni jembamba, wavuvi wameongezeka, na kwa miezi mitatu kaya inayotegemea mtumbwi inahitaji kula. Mtoto atakayeyataja yote manne bado hajawa na jibu kamili, wala mwamuzi hanalo. Lakini ukumbi mzima utakuwa umenyamaza kumsikiliza.

Yako mengine mengi, na hayana haja ya kuelezwa kwa kirefu. Meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927; walifanya nini kwenye injini zake kabla ya kuizamisha, na walitarajia nini? Walizipaka grisi, wakitumaini kurudi. Nani alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kongo mwezi Aprili 1965? Che Guevara. Mchikichi mmoja hutoaje mafuta mekundu na mafuta meupe? Mekundu hutoka katika nyama ya tunda, meupe hutoka katika kokwa. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki 1 Oktoba 2025, aliona nini kwa sokwe mtu mwezi Novemba mwaka ule wa kwanza, na kwa nini wataalamu walilazimika kufikiri upya juu ya maana ya binadamu? Alimwona akitumia kijiti kuvulia mchwa kichuguuni, jambo ambalo lilidhaniwa kuwa la binadamu peke yake, yaani kutengeneza na kutumia chombo.

Kazi ya kutunga maswali kama hayo haihitaji fungu la fedha. Inahitaji jioni mbili au tatu za walimu wa kata, wakimwalika ofisa wa uvuvi, mtumishi wa reli, muuguzi wa zahanati, mkulima wa michikichi na mvuvi mzee mmoja au wawili, kila mmoja alete maswali matano anayoyajua kwa kazi yake. Hao wote wapo Kigoma-Ujiji. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024, inataka mwanafunzi aonyeshe uwezo wa kutenda na kufikiri badala ya kurudia maneno tu. Walimu watakaofanya hivyo watakuwa wameitekeleza, hata kabla ya semina.

Maswali ya dunia yasifutwe. Mtoto wa Rusimbi ana haki ya kuujua mji mkuu wa Brazili kama mtoto wa Brazili alivyo na haki ya kuujua wa Tanzania. Kinachotakiwa ni kwamba kila karatasi iandikwe juu yake mwaka ilipotungwa, na isiyokuwa na mwaka isitumike. Mwamuzi akitilia shaka jibu, asilifute kwa kengele. Amwulize mwanafunzi amelijuaje. Na itakapotokea tena kwamba msichana au mvulana anaulizwa nani aligundua Ziwa Tanganyika, naye akajibu kwamba ni wenyeji wake, apewe dakika moja ya kueleza, na akiweza kuwataja wale vijana watatu wa Uvira apewe alama mbili badala ya moja.